Kazi Iliyo Chini ya Rangi

Udongo wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni mwekundu kwa sababu ya kutu. Mvua za karne nyingi zimeyeyusha madini mengine na kuyachukua, zikaacha oksidi za chuma, na hizo ndizo zinazopaka viatu vya watoto wa shule, kuta za nyumba na matairi ya malori yanayopanda kutoka Lusahunga kuelekea Benaco. Kutu inayotafuna chasisi ya tela na udongo unaokanyagwa na tela hiyo ni ndugu wa damu moja. Chuma kilichimbwa kikiwa mwamba, kikalazimishwa kwa moto kuachana na oksijeni, na tangu siku kilipopoa kinatafuta maji na hewa ili kirudi kilikotoka. Safari hiyo hakuna awezaye kuifuta. Linalowezekana ni kuichelewesha, mwaka hadi mwaka, na kazi ya kuichelewesha ndiyo ninayoisifu hapa: ufundi wa kuvua kutu na rangi kuukuu kwa mchanga na upepo, hadi chuma kibaki kitupu, kikavu, tayari kuvikwa upya.

Mkoa wa Kagera una deni la zamani kwa upepo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri za mababu zao mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, wakayeyusha chuma kwa makaa, udongo na mivukuto ya mkono. Mwaka 1978 watafiti hao walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakionesha kuwa magharibi ya Ziwa Viktoria watu walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Huku kusini, katika ukanda wa Biharamulo na Geita, watu walioitwa Barongo walijulikana kwa kazi hiyo hiyo, na katika nchi za maziwa makuu jembe la chuma lilikuwa bidhaa ya kubadilishana na hata mali ya mahari. Upepo uliosukumwa kwa nguvu za mikono ndio uliokizaa chuma hapa. Leo upepo unaosukumwa na injini ndio unaokiongezea umri.

Ufundi wa kupiga mchanga katika sura yake ya mashine una tarehe inayojulikana. Oktoba 1870, Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipata hataza ya kukata na kuchonga vitu vigumu kwa mchanga unaorushwa na mvuke, maji au hewa. Alilolithibitisha linashangaza hadi leo: chembe isiyo na makali ya kisu, ikirushwa kwa kasi ya kutosha, huweza kukata kitu kigumu kuliko yenyewe. Siri iko kwenye kasi, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Chembe moja haifanyi kazi inayoonekana kwa jicho. Mamilioni ya chembe, kila moja ikipiga mahali pake, huvua kutu ambayo mkono wa binadamu ungeihangaikia siku nzima.

Katika wilaya hizi mbili haja ya kazi hiyo iko wazi barabarani. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, ikaingia Ngara na kugawanyika: mizigo ya Rwanda inavukia Rusumo, ya Burundi inavukia Kabanga. Lori linalofika hapa limetembea zaidi ya kilomita 1,200, na limebeba kitu kisichoandikwa kwenye hati za mzigo, yaani chumvi. Upepo wa bandarini umeipaka chini ya tela. Mbolea iliyomwagika kwenye maungio ya sakafu nayo ni chumvi ya aina yake. Juu ya hayo ongeza mvua za Kagera, tope la pembeni mwa barabara na mawe yanayorushwa na matairi, utaelewa kwa nini rangi ya tela huanza kuvimba malengelenge mapema.

Lengelenge hilo ndilo somo la kwanza kwa anayetaka kuielewa kazi hii. Kutu haisubiri rangi iishe. Maji hupenya kwenye mkwaruzo mdogo, yakasambaa kati ya rangi na chuma, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, huiinua rangi kutoka chini. Nje panang'aa, ndani panaliwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na rangi ndiyo nguo ya chuma. Anayepaka rangi mpya juu ya lengelenge bichi ameifungia kutu chumbani pamoja na chakula chake.

Katika gereji nyingi za kando ya barabara kazi ya kuvua bado ni ya mkono: tindo na nyundo kwa magamba manene, brashi ya waya, msasa, kisha grenda kwa mwenye umeme au jenereta. Siidharau hata kidogo. Fundi mzuri wa msasa hujua kuanza na namba ya punje kubwa na kumalizia na laini, huzunguka kila boliti, huingiza kidole kilichovikwa kitambaa kwenye kona ambayo mashine haifiki. Viwango vya kimataifa vya ISO 8501 vinaitambua kazi hiyo kwa alama za St 2 na St 3. Lakini vina sababu ya kuiwekea mpaka. Kutu ya muda mrefu huchimba mashimo membamba ndani ya chuma, na brashi hupita juu ya midomo ya mashimo hayo bila kuingia. Grenda huweza hata kuisugua kutu hadi ing'ae, mteja akadhani ameoneshwa chuma kumbe ameoneshwa kutu iliyopigwa msasa. Chembe ya mchanga, kwa kuwa ni ndogo na inakwenda kwa kasi, huingia hadi sakafuni mwa shimo na kutoka na kilichomo. Hapo ndipo ufundi wa upepo unapopata heshima yake.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kuna kompresa inayobana hewa, tangi la chuma linaloshika mchanga chini ya shinikizo hilo hilo, mpira mnene unaounganisha tangi na mkono wa fundi, na nozeli mwishoni. Nozeli ndiyo moyo wa mtambo. Zilizo bora zina bitana ya kabidi ya tangsteni au ya boroni, kwa sababu chuma cha kawaida kingeliwa na mchanga kwa muda mfupi, na tundu lake hubanwa katikati kisha likapanuka tena ili hewa itoke kwa kasi zaidi. Kwa shinikizo la bar 7, chembe hutoka kwenye nozeli ya namna hiyo zikienda zaidi ya kilomita 600 kwa saa.

Hesabu ya hewa ndiyo inayowashinda wanaoanza. Nozeli ya tundu la milimita 9.5 inataka karibu mita za ujazo 5.5 za hewa kila dakika, na kompresa ya kujazia matairi haiwezi hata kuikaribia. Ya milimita 4.8, yaani nusu ya upana huo, inataka robo tu ya hewa hiyo. Kwa hiyo fundi mwenye kompresa ndogo anayechagua tundu dogo na kukubali kwenda taratibu anafanya kazi safi, na mwenye tamaa ya tundu kubwa anaishia kumwaga mchanga usio na nguvu. Wazoefu wana kanuni kwamba chini ya paundi 100 kwa inchi ya mraba, kila paundi inayopungua huondoa karibu asilimia moja na nusu ya kazi. Tena Ngara ni nchi ya milima. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na kompresa inayomeza hewa nyepesi hutoa kidogo. Mtambo uliotosha Kurasini, Dar es Salaam, unaweza kupwaya Ngara mjini. Fundi anayelijua hilo hupunguza tundu la nozeli kabla ya kuilaumu mashine.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni kazi inayofanyika kabla injini haijawashwa. Fundi mwenye adabu ya kazi huizunguka tela mara ya kwanza akiwa mikono mitupu, akitazama. Mara ya pili huzunguka na nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza: chuma kizima hujibu kwa sauti kali, kilicholiwa hujibu kwa sauti butu. Panapojibu vibaya huweka alama ya chaki, kwa sababu hapo kuna kukata na kuchomelea kwanza. Kisha anaosha. Grisi na mafuta ya injini lazima vitoke kwa sabuni, maji ya moto au tina kabla ya chembe moja kurushwa, maana mchanga hauondoi mafuta bali huyasukuma ndani ya chuma na kuyasambaza, na rangi itakayopakwa hapo itabanduka. Baadaye hufunika: mipira ya breki, nyaya za taa, beringi, vibao vya namba ya chasisi, kila kisichopaswa kuguswa. Huzungusha grenda kwenye kingo kali, kwa kuwa rangi hukimbia ukingo mkali na kuacha utando mwembamba, na kutu hupenda kuanzia hapo hapo.

Halafu anaijaribu hewa yenyewe. Kompresa hubana hewa pamoja na unyevu wake, na asubuhi za milima ya Ngara unyevu ni mwingi. Bila vichujio vya maji na mafuta, mtambo utapiga mchanga huku ukinyunyiza kutu ya kesho. Jaribio ni rahisi: kitambaa cheupe hushikwa mbele ya hewa inayotoka kwa dakika moja au mbili. Kikibaki cheupe na kikavu, kazi inaweza kuanza. Kikipata doa, hakuna kuanza.

Kuchagua kitu cha kurusha ni elimu nyingine. Ganeti, jiwe jekundu gumu linalosagwa kwa kazi hii, hukata haraka na kutoa vumbi kidogo. Mabaki ya kuyeyushia shaba hutumika sana kwenye meli na madaraja kwa kuwa ni makali na bei yake ni nafuu. Chembe za chuma zenye kona hufaa kwenye chumba kilichofungwa, kwa sababu zinaweza kuokotwa na kutumika tena mara nyingi, na gololi ndogo za chuma hugonga bila kukwaruza. Oksidi ya alumini ni ngumu kupita zote hizi. Upande wa upole kuna shanga za kioo, maganda ya jozi yaliyosagwa, hata soda ya kuokea mikate: katika ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York uliokamilika mwaka 1986, soda hiyo ndiyo iliyotumika kuondoa lami ndani ya sanamu bila kuitoboa ngozi yake nyembamba ya shaba.

Mfano huo una funzo kwa anayeshughulika na mlango wa gari dogo au kichwa cha lori. Bati jembamba likipigwa kwa nguvu ya kupigia chasisi hujikunja, kwa sababu maelfu ya mapigo huutanua upande mmoja tu. Likishatanuka hakuna puti itakayolinyoosha likawa kama zamani. Kwenye bati fundi hushusha shinikizo, hubadilisha chembe, au huiweka nozeli chini kabisa na kurudi kwenye msasa. Kujua mahali ambapo chombo chako kikali hakifai ni sehemu ya ubingwa.

Kisha kazi yenyewe. Fundi husimama miguu imepanuka kidogo, mpira umepita begani au kwapani ili uzito wake usichoshe viganja. Kishikio chake kina kilango cha usalama: akikiachia, upepo unakatika papo hapo, ili akiteleza mpira usibaki ukirukaruka na kumwaga mchanga wa kasi ile juu ya watu. Maungio ya mpira hufungwa kwa waya wa ziada kwa sababu hiyo hiyo. Magamba meusi ya kiwandani, yale yanayobaki kwenye chuma kipya tangu kilipotengenezwa kikiwa cha moto, huyapiga karibu na kwa pembe inayokaribia mraba, kwa kuwa yanavunjika kwa kugongwa. Rangi kuukuu huipiga kwa mbali kidogo na kwa mshazari, ili chembe ziingie chini ya ukingo wake na kuikwangua. Mkono huenda kwa mstari, mpana kiasi cha kiganja, mstari unaofuata ukiulalia kidogo uliotangulia. Akienda haraka, vivuli vya kutu hubaki. Akikawia, anakula chuma na kupoteza mchanga.

Ukikaa mbali na vumbi na kusikiliza, utasikia kazi ikijieleza. Juu ya rangi nene mvumo ni mzito. Rangi inapoisha sauti hupanda. Ikiguswa kutu ya mashimo hukwaruza, na chuma safi kikifikiwa huimba kwa sauti moja iliyotulia. Fundi, aliyefunikwa kofia yenye kioo kidogo kinachotiwa ukungu na vumbi, huona kidogo kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya anachokijua inamfikia kwa sikio na kwa mtikisiko wa mpira mkononi.

Vumbi likitulia, hukumu hutolewa kwa macho kwanza. ISO 8501 ina picha za rangi za kulinganishia, kiwango hicho kikiwa kimetokana na kile cha Sweden. Sa 1 ni kupigwa juu juu. Sa 2 ni kazi ya kina. Sa 2½ ni pale ambapo kutu na rangi vimeondoka na kilichobaki ni vivuli hafifu vya madoa au mistari. Sa 3 ni chuma chenye rangi moja ya fedha kila mahali. Kwa madaraja, matangi na vyuma vya majini, Sa 2½ ndiyo inayotakiwa mara nyingi. Chuma kilichofikia hapo hakina mng'ao. Ni cha kijivu kisichoakisi mwanga, na ukikipitisha ukucha unahisi mkwaruzo. Mkwaruzo huo umekusudiwa. Fundi wa ujenzi huchokoa zege laini kabla ya kupiga lipu ili lipu ipate pa kushika, na mpiga mchanga naye huacha mabonde na vilima vya mikroni 50 hadi 75 ili rangi iote mizizi. Kimo hicho kinapimwa kwa utepe maalumu unaobanwa juu ya chuma na kuchukua nakala yake.

Baada ya hukumu ya macho inabaki ile ya kisichoonekana. Chumvi ya bandarini inaweza kubaki mashimoni hata chuma kikiwa kijivu safi. Kwenye miradi mikubwa hubandikwa kifuko kidogo juu ya chuma, hudungwa maji safi ndani yake, kisha hupimwa jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme. Gereji haina kifaa hicho, ila ina njia yake: kilichopigwa jana kikigeuka madoa meusi au ya kahawia leo asubuhi huku sehemu ya jirani ikibaki kijivu, hapo pana chumvi. Huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, hupigwa tena. Inamuuma fundi kurudia, na anarudia.

Kuanzia hapo anashindana na saa. Chuma kitupu hakina mlinzi, na praima, yaani rangi ya kwanza, inatakiwa kukifikia ndani ya saa chache, siku hiyo hiyo, kabla kutu ya papo kwa papo haijakitia rangi ya chungwa. Kanuni inasema chuma chenyewe kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande hutunga, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kwa Ngara na Biharamulo maana yake ni kwamba asubuhi ya ukungu haifai hata kama hakuna mvua, kwa sababu chuma kilicholala nje usiku kina baridi kuliko hewa na kinatoa jasho lisiloonekana. Fundi hungoja jua likipashe moto. Hupiga mchanga kiasi anachoweza kukipaka kabla ya jioni, si zaidi. Juni hadi Agosti, mvua zinapokuwa zimeikimbia Kagera, ndiyo miezi yake ya neema.

Uvumilivu huu wote una faida inayohesabika. Daraja la reli la Forth huko Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890, lilikuwa kwa vizazi mfano wa kazi isiyokwisha: watu walisema mafundi wakimaliza kulipaka rangi upande mmoja wanaanza tena upande wa pili. Walikuwa wakipaka juu ya rangi juu ya rangi. Kazi hiyo ilipata mwisho Desemba 2011, baada ya karibu muongo mzima wa kuvua tabaka zote za zaidi ya karne moja hadi chuma kitupu na kuvika rangi ya epoksi yenye vipande vya kioo, inayotarajiwa kudumu zaidi ya miaka 20. Kilichoimaliza kazi isiyokwisha ni kuvua kwanza.

Wilaya zetu nazo zinazidi kuwa nchi ya chuma kikubwa. Pale Rusumo, karibu na mahali Ruvubu inapoungana na Nyabarongo kuwa mto Kagera, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na malango yake ya chuma yanakaa majini mchana na usiku. Kutoka hapo njia ya umeme ya kilovolti 220 inakwenda hadi Nyakanazi juu ya minara iliyovikwa zinki. Minara hiyo husafishwa kiwandani kwa tindikali kabla ya kuchovywa kwenye zinki ya moto, na hapo sheria ni ile ile, usafi kwanza, vazi baadaye. Biharamulo kuna mgodi wa dhahabu uliojulikana kwa jina la Tulawaka, ambao leo unaendeshwa na STAMIGOLD, na mgodi wowote wa aina hiyo una matangi na mabomba ya chuma ya kutunza. Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo Januari 2021 serikali ilisaini mkataba wa kuiendeleza kupitia kampuni ya Tembo Nickel. Kila mradi wa namna hii unahitaji vijana wanaojua tofauti ya Sa 2 na Sa 2½, na vijana hao wanaweza kutoka Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Nyakanazi kama watafundishwa.

Kuisifu kazi hii na kunyamaza juu ya mapafu ya anayeifanya kungekuwa dhuluma. Mchanga wa mtoni, ule unaopatikana kwa bei ya kuusomba tu, umejaa silika. Ukipiga chuma kwa kasi ile hupasuka kuwa vumbi jembamba lisiloonekana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosi, hauna tiba, na humfungulia kifua kikuu mlango. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika katika kazi hii ya viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la silika katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Mwaka 2009 Uturuki ilikataza kupiga mchanga nguo za jinzi baada ya vijana wa viwandani kuugua na kufa kwa sababu ya mtindo wa suruali zilizopauka. Suruali za mtindo huo tunazinunua kwenye mitumba ya minada yetu bila kujua bei iliyolipwa.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Kinachozuia ni kutotumia mchanga wa silika, kisha kofia inayopelekewa hewa safi ya kuvuta, hewa iliyochujwa mafuta na ambayo kompresa haikuivuta karibu na moshi wa injini yake. Maji yakichanganywa na mchanga kwenye nozeli hupunguza vumbi sana, ingawa chuma kitataka dawa ya kuzuia kutu ya papo hapo. Wapita njia, mama lishe na watoto wakae mbali, upande unakotoka upepo. Rangi za zamani zenye risasi zinapovuliwa, vumbi lake likusanywe kwenye maturubai, lisiachwe liingie kwenye shamba la migomba la jirani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Hiyo ni haki ya fundi, na tajiri asidai shukrani kwa kuitimiza.

Ninachokiomba kwa wenye malori, mageti, matangi na mashine za kusaga ni kidogo. Unapopeleka chuma chako gereji, usiulize kwanza rangi ni shilingi ngapi. Uliza kitasafishwa vipi, kwa mchanga gani, na nani atakagua kabla ya praima. Nenda ukakione kikiwa kijivu, kikiwa hakijafunikwa, na kama hukupewa nafasi hiyo usilipie rangi. Mlipe anayevua sawa na anayepaka, maana wa kwanza ndiye anayeamua wa pili atadumu miaka mingapi. Na kwa halmashauri za Ngara na Biharamulo, pamoja na vyuo vyetu vya ufundi: ufundisheni ufundi huu kwa jina lake, pamoja na ganeti, kofia ya hewa na picha za viwango, kabla vijana hawajajifunzia kwenye mchanga wa mtoni. Chuma kinaweza kuvuliwa na kuvikwa tena. Mapafu hayawezi.